Ng'ombe wako ameshiba, lakini ana njaa

Swali: "Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni mfugaji wa Konde, Pemba. Nina ng'ombe mmoja chotara wa Friesian, alizaa mwishoni mwa mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza baada ya kuzaa nilikuwa namkama lita tisa kwa siku, asubuhi na jioni. Sasa ni mwezi wa tisa na hazizidi lita nne. Namkatia majani ya tembo mizigo miwili kila siku, tumbo linajaa mpaka ubavu unatuna. Jioni namtilia ndoo nzima ya pumba za mpunga. Maji namnywesha ndoo moja asubuhi na moja jioni. Jirani zangu wananambia mbegu yake mbovu, nimuuze nitafute mwengine. Pia nina mbuzi wanne, wanazaa vizuri lakini watoto wanakufa kila kaskazi, wakati wa joto na ukame. Kasoro yangu iko wapi?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Usimuuze.

Ng'ombe mwenye mbegu mbovu hakupi lita tisa hata siku moja. Lita hizo zimetoka kwake, zizini kwako, umezipima mwenyewe. Ng'ombe wetu wa kienyeji, yule mwenye nundu, akitoa lita moja mpaka tatu tunamshukuru Mungu. Huyu wako ameshakuonyesha anaweza kufika wapi. Kilichobaki ni kumwezesha.

Ni kweli maziwa hushuka yenyewe. Kwa kawaida hupanda tangu siku ya kuzaa mpaka kati ya wiki ya nne na ya nane, kisha hupungua kama sehemu moja ya kumi kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, leo ungekuwa unakama lita saba na kitu. Wewe uko kwenye nne. Tofauti hiyo ya lita tatu ndiyo tunayoitafuta.

Lakini kabla hatujagusa chakula, fanya jambo moja kesho alfajiri. Chukua kipande cha kaniki safi, ukikaze juu ya kikombe, kisha kama michirizi miwili mitatu ya mwanzo ya kila chuchu juu yake. Kwenye kitambaa cheusi madonge ya maziwa yanaonekana wazi, hata yakiwa madogo kama chembe za mchele uliovunjika. Ukiyaona, au ukigusa kiwele ukakuta upande mmoja una moto na mgumu, hiyo ni homa ya kiwele, na chakula hakitaitibu. Mwite bwana mifugo wa shehia yako. Mwangalie pia masikioni na chini ya mkia kama ana kupe, maana ndigana kali bado inaua chotara wengi visiwani kwetu. Akiwa mzima kwa hayo yote, endelea kusoma.

Sasa mpitishe kiganja mgongoni, uteremke mpaka kwenye nyonga. Nadhani utaikuta mifupa ya nyonga imechomoza, na pembeni ya mkia kuna shimo linaloingia ngumi. Miezi mitatu iliyopita hapo palikuwa na mafuta. Zile lita tisa ulizokuwa ukikama, sehemu kubwa hukuzilipia kwa majani wala kwa pumba, alikuwa anakukopesha kutoka mwilini mwake. Akiba imekwisha, na sasa anatoa kile tu anachokipata horini. Ndiyo maana watu wanadhani ng'ombe "ameharibika" ghafla. Hakuharibika, amemaliza akiba.

Utaniuliza: akipataje njaa na tumbo limejaa? Hapa ndipo penye jibu lote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawali kama sisi. Majani yakiingia hayaendi moja kwa moja kwenye tumbo linalosaga chakula. Yanaingia kwanza kwenye tumbo kubwa, ambalo kwa ng'ombe aliyekomaa huchukua lita mia na zaidi, na humo wanaishi vijidudu wasiohesabika. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzi za majani. Vijidudu ndivyo vinavyozivunja, vinazichachusha, na ng'ombe anaishi kwa kile kinachotoka kwenye uchachu huo. Kisha vijidudu vyenyewe vinateremka tumboni, vinasagwa, na vinakuwa protini yake. Kwa hiyo unapomtilia ng'ombe majani, hujamlisha ng'ombe bado. Umevilisha vijidudu, na vyenyewe ndivyo vitakavyomlisha.

Vijidudu hivi navyo vina mahitaji yao. Kubwa kuliko yote ni naitrojeni, ambayo vinaipata kwenye protini ya majani. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinadhoofika, vinazaana pole pole, na nyuzi zinakaa tumboni bila kuvunjwa. Tumbo linabaki limejaa. Ng'ombe hawezi kula zaidi kwa sababu hakuna nafasi, na hapati nguvu kwa sababu kilichomo hakivunjiki. Ule ubavu uliotuna ambao wewe unaufurahia, mimi ndio ulionitia wasiwasi.

Miaka ya 1980 watafiti wawili waliofanya kazi nyingi juu ya mifugo ya nchi za joto, T. R. Preston na R. A. Leng, walilisisitiza jambo hili. Walisema majedwali ya lishe yaliyotengenezwa Ulaya, kwa majani ya nchi za baridi na nafaka nyingi, hayatufai kuyachukua yalivyo. Anza na chakula ulichonacho, uliza vijidudu vinakosa nini, kisha uvitilie hicho kinachokosekana, hata kikiwa kidogo. Kwetu Pemba maneno haya yana maana kubwa zaidi. Hatuna nyanda za malisho. Wengi wetu tuna vipande vya zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na urithi umeshavikata tena. Ng'ombe anafungwa kamba chini ya minazi au analetewa bandani. Kila kinachoingia mdomoni mwake kimepita mikononi mwetu, kwa hiyo kosa ni letu, na kulirekebisha kuko mikononi mwetu pia.

Nikurudishe kwenye yale majani ya tembo. Nina hakika unayakata yakiwa marefu kuliko wewe mwenyewe. Takriban kila banda ninaloingia nakuta hivyo. Kuna nyumba moja niliyoitembelea, mwenyewe alikuwa akijivunia kitalu chake, na kweli kilikuwa kimesimama kama shamba la miwa. Nikamwomba tukae tu tumtazame ng'ombe anavyokula. Alichambua majani ya juu yale laini, akayavuta kwa ulimi, akatafuna. Akafika kwenye shina, akaliuma, akaliacha. Akarudi, akalipindua kwa pua, akaliacha tena. Jioni tulikusanya mabaki horini tukayaweka kwenye mizani ya pumba: karibu nusu ya mzigo ulikuwa chini. Mama wa watu alikuwa anabeba kuni kichwani akidhani anabeba chakula.

Majani ya tembo yakiwa na urefu wa kiuno mpaka kifua, kama mita moja na kidogo, huwa na protini ya asilimia 10 hivi, ikiwa kitalu kinapata samadi. Yakiachwa mpaka yatoe shina gumu, protini inashuka mpaka 5 au 6. Tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe wako ana kilo 350. Kwa ajili ya kuishi tu, bila kutoa hata kikombe cha maziwa, anahitaji kama gramu 350 za protini kwa siku. Kila lita ya maziwa inataka nyengine 85 hivi. Majani mazee atakula kilo saba za ukavu, yaani uzito ukiondoa maji, na humo atapata gramu 400 kwa makadirio ya ukarimu. Toa 350 za kuishi, zimebaki 50. Hazifiki lita moja! Majani mateke, yaani machanga na laini, atakula kilo kumi za ukavu, kwa sababu yanavunjika haraka na tumbo linapata nafasi. Humo mna gramu 1,000. Toa 350, zimebaki 650, nazo zinatosha lita saba na nusu kwa upande wa protini. Nguvu nayo ina hesabu yake, kwa hiyo usitarajie lita hizo zote kwa majani matupu. Lakini ona tofauti: kitalu ni kile kile, mkulima ni yule yule, na kilichobadilika ni siku ya kukata tu.

Kwa hiyo gawa kitalu chako mistari saba. Kila wiki kata mstari mmoja, usiuguse mwengine, na ukimaliza wa saba ule wa kwanza utakuwa umefika urefu wake. Acha kisiki cha vidole vinne juu ya ardhi. Siku ile ile uliyokata, rudisha samadi pamoja na mkojo wa bandani kwenye mstari huo huo. Watu wanauacha mkojo unapotea, na humo ndimo ilimo naitrojeni nyingi. Wakati wa kiangazi majani yatakawia, zungusha kwa wiki nane badala ya saba. Kisha yakatekate kwa panga vipande vya urefu wa kidole kabla ya kuyatia horini, asipate nafasi ya kuchagua.

Mizigo miwili haitoshi. Majani mateke yana maji mengi, zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo ili apate zile kilo kumi za ukavu anahitaji kama kilo 60 mbichi. Mzigo wa kichwa wa mtu mzima hauzidi sana kilo 20 au 25. Hiyo ni mizigo mitatu. Najua ninachokuambia na najua mgongo ni wako, lakini utakuwa unabeba chakula tu, si vigingi. Kama kitalu hakitoshi (ng'ombe mmoja anataka kati ya nusu eka na eka nzima, kutegemea ardhi), jazia na mashina ya viazi vitamu, ambayo yana protini nzuri kuliko majani mengi, au majani ya mfenesi. Shina la mgomba asipewe kama chakula. Karibu lote ni maji, linampoza kiu tu.

Na hapo nimefika kwenye maji.

Ndoo mbili ni lita 40. Maziwa ni maji kwa asilimia 87. Ng'ombe anayekamwa lita tisa katika joto letu na unyevu wetu anataka lita 50 mpaka 70 kwa siku, majani yakiwa makavu zaidi ya hapo. Akikosa maji, anapunguza kula, na akipunguza kula, maziwa yanafuata. Katika yote nitakayokuambia leo, hili ndilo linaloonyesha matunda haraka kuliko yote, pengine ndani ya siku tatu nne. Weka pipa lililokatwa nusu kivulini, lijae saa zote, ulioshe kila siku mbili. Najua mfereji haukai wazi kutwa nzima na wakati mwengine mnabeba kutoka mbali. Basi wape watoto wakirudi skuli kazi ya ndoo moja moja. Ukilazimika kuchagua baina ya kubeba mzigo wa tatu wa majani na kubeba ndoo mbili za maji, beba maji kwanza.

Pumba sasa. Ndoo nzima kwa mara moja ni nyingi mno kwa mlo mmoja. Tumbo kubwa linapata uchachu wa ghafla, vijidudu vinavyovunja nyuzi vinachukia uchachu huo, na yale majani uliyohangaika kuyakata yanalala bila kuvunjwa. Igawe: nusu wakati wa kukama asubuhi, nusu jioni, baada ya kuwa ameshatia majani kidogo tumboni.

Halafu uliza ni pumba gani. Mashine nyingi za vijijini zinakoboa mara moja, na kinachotoka ni pumba iliyochanganyika na maganda ya mpunga. Maganda ni kama mchanga kwa ng'ombe, hayampi kitu. Tia kiganja kimoja cha pumba kwenye glasi ya maji, ukoroge, usubiri. Kinachoelea juu ni maganda. Ukiona nusu ya glasi inaelea, unalipia polo zima na unapata nusu polo. Afadhali ununue nusu ya kiasi hicho cha pumba za mahindi au za ngano, na fedha inayobaki ukanunulie mashudu ya nazi au ya alizeti. Kwa kadiri ya maziwa yako ya sasa, kilo tatu kwa siku za mchanganyiko mzuri, mashudu yakiwa robo yake, zitamfaa kuliko ndoo ya maganda.

Chicha la nazi ambalo kila jiko la Pemba linalo, mpe, ni zuri. Bado lina mafuta, na mafuta yakizidi huwa yanavifunika vijidudu na nyuzi, kwa hiyo lisizidi kilo moja kwa siku, na liwe la siku ile ile. Chicha lililolala huvunda. Pia ukiona polo la pumba limeshikamana madonge ya kijani au meusi, litupe, usiseme "ng'ombe hajali". Sumu ya ukungu huo inapita kwenye maziwa, na maziwa hayo wanayanywa watoto wako.

Chumvi: kijiko kikubwa kimoja kila siku juu ya pumba, au jiwe la kulamba likae bandani. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo jiwe lenye madini yote ni bora kuliko chumvi tupu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote nimeliweka hapa kwa makusudi, maana linataka subira. Panda glirisidia. Ni ule mti ambao wengi mnautumia kwa ua, wenye maua ya rangi ya waridi iliyofifia, na hamjui kwamba ua huo ni mashudu. Majani yake yana protini ya asilimia 20 na zaidi, na mizizi yake inajitafutia naitrojeni yenyewe. Kilo kumi za majani mabichi kwa siku zinampa ng'ombe wako zaidi ya nusu kilo ya protini, bila wewe kutoa hata shilingi.

Tatizo lake ni harufu. Siku ya kwanza atanusa ageuze kichwa, na hapo ndipo wafugaji wengi wanakata tamaa wanasema "hawali". Yakate jioni, yaanike kivulini mpaka kesho, yanyauke. Yachanganye kiganja kwa kiganja na majani ya tembo yaliyokatwakatwa, nyunyiza maji ya chumvi. Wiki ya kwanza kilo moja, ya pili kilo tatu, upande hivyo hivyo. Vijidudu vya tumboni navyo vinahitaji muda kuzoea chakula kipya. Nimeona ng'ombe waliosusa wiki nzima, na mwezi mmoja baadaye wanaivuta kamba kuufuata ua. Ila usimpe punda majani hayo, ni ya wanyama wanaocheua.

Kama una lusina karibu, mti mwengine wa malisho, nayo ni nzuri sana kwa protini, lakini isizidi theluthi ya chakula chote. Ina sumu inayoitwa mimosini, na mnyama akiishi kwa lusina tupu manyoya yananyonyoka na tezi la shingo linavimba. Kuna kisa hapa ambacho kila nikikikumbuka kinanipa heshima kwa vile vijidudu. Wafugaji wa Australia walikuwa wakipata hasara kwa lusina, huku mbuzi wa Hawaii wakiila kwa wingi bila kudhurika. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, akagundua kwamba siri haikuwa kwenye mbuzi, ilikuwa tumboni mwao: walikuwa na kijidudu kinachoivunja sumu ile. Katika miaka ya 1980 vijidudu hivyo vilipelekwa Australia, vikatiwa matumboni mwa ng'ombe, na ng'ombe wakaila lusina salama. Mwaka 1992 kijidudu hicho kikapewa jina lenye kumkumbuka, Synergistes jonesii. Mnyama ni yule yule na jani ni lile lile, na aliyekuwa akidhurika akaanza kunufaika kwa sababu ya wageni wadogo waliohamia tumboni mwake.

Majani ya muhogo nayo yanyaushe siku nzima kabla ya kuyatoa, hasa ya muhogo mchungu. Mabichi yana sumu inayoweza kuua mbuzi upesi.

Joto. Chotara wa Friesian ana damu ya ng'ombe wa nchi ya baridi, na juu ya nyuzi joto 25 hivi anaanza kutaabika, sembuse na unyevu wetu. Uchachu wa tumboni nao unatoa joto, kwa hiyo saa saba mchana ng'ombe anajizuia mwenyewe kula ili asiungue kwa ndani. Utamwona amesimama, pua inalowa, anahema kwa haraka, na majani yako yananyauka mbele yake. Usimlazimishe. Mtilie mlo mkubwa baada ya Magharibi na mwengine kabla ya Alfajiri, mchana mwachie kidogo tu. Paa la makuti linampoza kuliko bati.

Unguja waliondokana na mbung'o, wale inzi wanaowaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana, mwaka 1997, baada ya miaka ya kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi, na Pemba mbung'o hawajawahi kuwepo. Tulidhani maradhi hayo yakiondoka na chotara wakiingia, maziwa yatajaa yenyewe. Chotara wameingia. Lakini tumewaleta ng'ombe wa lita kumi tukawalisha chakula cha ng'ombe wa lita mbili, kisha tukailaumu mbegu. Dada yangu, ukimuuza huyu ukanunua mwengine, baada ya miezi mitatu utaniandikia barua hii hii.

Kaskazi inakuja, na majani ya kuikabili unayaweka akiba mwisho wa vuli, mwezi wa kumi na mbili, yakiwa bado mateke. Kuanika majani makavu kwetu ni taabu kwa unyevu huu, mengi yanaota ukungu. Yavundike. Kata majani ya tembo yakiwa kifuani, yanyaushe nusu siku, yakatekate madogo, nyunyizia molasi kidogo iliyochanganywa na maji, na ukiikosa tumia pumba ya mahindi. Jaza kwenye mfuko mnene wa nailoni au pipa lenye kifuniko, ukanyage kwa miguu safu kwa safu mpaka hewa yote itoke, funga kabisa. Baada ya siku 30 fungua. Yakinuka kama maembe ya achari, rangi ya kijani iliyoelekea manjano, umefaulu. Yakinuka uozo na yana utelezi, hewa iliingia, usimpe. Anza na mifuko mitatu minne tu mwaka huu, mkono uzoee.

Mbuzi wako wanne nisiwasahau. Watoto wanakufa kaskazi kwa sababu wanazaliwa mwanzo wa kaskazi, mama hana maziwa wakati wanapoyahitaji zaidi. Mbuzi anabeba mimba siku 150. Mtenge beberu, umwachie Disemba, wakati majike wamenona kwa vuli, na watazaa Mei, masika yakielekea kwisha na majani yamejaa. Wajengee uchaga wa miti, sakafu iwe juu na kavu, maana Mei bado kuna matope na mtoto wa mbuzi hana ugomvi na njaa peke yake, anaumwa na baridi na minyoo pia. Fungua kope la chini la jicho uangalie ndani: likiwa jeupe badala ya jekundu, minyoo inamnyonya damu, mpeleke akapewe dawa. Na kila jike mwenye mimba ya miezi minne mpe kilo moja ya glirisidia iliyonyauka kila siku. Maziwa ya kwanza ya mtoto yanatengenezwa wakati huo.

Sasa nikwambie ukweli juu ya nini utarajie. Hatorudi kwenye lita tisa katika uzazi huu. Kiwele kilichoshuka kwa njaa hakipandi chote. Ukirekebisha maji, majani na pumba, sitoshangaa akipanda mpaka tano na nusu au sita na kukaa hapo kwa miezi badala ya kuendelea kuteremka. Kubwa zaidi, mwili utarudi, na atatafuta dume. Ng'ombe aliyekonda haonyeshi joto, na wengi wanadhani ni tasa. Akishika mimba, mkaushe, yaani acha kumkama, miezi miwili kabla ya kuzaa, na wiki tatu za mwisho umwongezee pumba pole pole, aingie kwenye uzazi akiwa na akiba. Kwenye uzazi huo ndipo utakapomjua ng'ombe wako.

Nunua daftari la skuli. Kila siku andika lita za asubuhi, lita za jioni, ndoo za maji, na neno moja juu ya mabaki horini: "shina" au "hakuna". Na mwangalie anapolala kucheua. Tonge likipanda shingoni, hesabu meno yanasaga mara ngapi kabla hajalimeza. Mara 50 au 60 ni dalili ya tumbo linalofanya kazi.

Vipandikizi vya glirisidia vikate wiki hii, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu, chini umekata mshazari. Vilaze kivulini siku chache. Mvua ya kwanza ya vuli ikigusa ardhi, vichimbie kimoja kila baada ya nusu mita kuzunguka kitalu chote, na usivikate majani mpaka vifike miezi minane.